Ukishuka Kutoka SUV, Usishuke na Gredi

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze magari. Sijahama fani, msiwe na wasiwasi. Ila magari ya siku hizi yamejaa kompyuta, na mtu anayelishwa na kompyuta hawezi kununua gari kwa kutazama rangi na tairi peke yake.

Habari yenyewe ni hii. Nimeuza SUV niliyokuwa nayo kwa miaka sita, ya viti saba na injini ya cc 2700, nikanunua Honda Fit. Tangu siku hiyo naulizwa swali moja kila mahali: kanisani, kazini, hata kwenye lango la mtaa wetu. "Vipi ndugu, mambo yamekuwa magumu?" Hapa Kenya gari dogo ni la mtu anayeanza maisha, ama la mtu aliyeanguka. Hakuna anayefikiria kwamba mtu anaweza kulichagua.

Mimi nasema hivi: kupunguza ukubwa wa gari si kupunguza kiwango cha gari. Shida ni kwamba wengi wakiamua kushuka wanashuka mara mbili. Wanapunguza ukubwa, kisha wanachukua gredi ya chini kabisa ya hilo gari dogo, eti kwa sababu "ni kagari tu". Hapo ndipo natofautiana nao.

Tuanze na hesabu. Familia yetu inaenda kama kilomita 1,000 kwa mwezi, nyingi zikiwa kwenye foleni za Nairobi. SUV ilikuwa inanipa kilomita 8 kwa lita, yaani lita 125. Gari hili, ambalo ni haibridi, halinipi chini ya 16, yaani lita 62 na nusu. Chukua petroli kwa shilingi 180 uone: ninaokoa shilingi 11,250 kila mwezi, na 135,000 kwa mwaka. Hiyo ni karo. Na tusisahau kwamba Septemba 2023 petroli Nairobi ilipita shilingi 200 kwa mara ya kwanza, ikafika 211.64. Kilichotokea mara moja kinaweza kutokea tena.

Kuna na ushuru. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipandisha ushuru wa bidhaa kwa magari yanayozidi cc 1500 kutoka asilimia 20 hadi 25. Ushuru wa forodha nao ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Tena kodi hizi hupandiana mgongoni: ushuru wa bidhaa unahesabiwa juu ya forodha, na VAT ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya zote mbili. Ndiyo maana injini ya cc 1496 na ya cc 1600, ambazo barabarani hutazitofautisha sana, bandarini Mombasa zinatofautiana kweli kweli.

Sasa tuje kwa gredi, maana hapa ndipo pesa uliyookoa inapopata kazi. Gari la Kijapani si gari moja. Chukua Toyota Yaris, iliyochukua nafasi ya Vitz huko Japani Februari 2020. Ina gredi X, G na Z. Ukiitazama kwa nje yadini unaweza kusema zote ni pacha. Lakini Toyota Safety Sense, ule mfumo wa kamera na rada unaokuonya na kukanyaga breki wenyewe ukichelewa, ulikuja na karibu zote isipokuwa ile ya chini iitwayo X B Package. Magari mawili ya mwaka mmoja na jina moja: moja linaweza kujisimamisha, lingine halina habari. Na muuzaji atakuambia tu, "Hii ni Yaris, boss, safi kabisa."

Swali la maana kuliko yote aliuliza mke wangu: "Na tukigongwa je?" Sikutaka kumdanganya. Gari zito likigongana na jepesi, jepesi ndilo linaloumia zaidi. Hiyo ni fizikia, haibadilishwi na matangazo. Lakini gari refu kwenda juu nalo lina tabia yake: ukikata kona ghafla linapinduka upesi kuliko la chini. Jibu langu lilikuwa kwamba, kwa kuwa tunapoteza uzito, lazima tununue uwezo wa kuepuka ajali. Kwa hiyo sikukubali kujadiliana juu ya mambo haya manne:

1. Udhibiti wa kuteleza, ile kompyuta inayokamata gurudumu moja moja gari likianza kupoteza njia.
2. Breki ya dharura inayojikanyaga, inayotambua magari na pia watu wanaotembea.
3. Mifuko ya hewa ya pembeni na ya pazia, si ile miwili ya mbele tu.
4. Vishikio vya ISOFIX vya kiti cha mtoto.

SUV yangu ya zamani, kwa heshima yake yote, ilikuwa na mifuko miwili ya hewa na bendera ya chrome mbele. Basi nani ameshuka hapo?

Lakini msininukuu vibaya. Si kila kifaa kilichomo kwenye gari la mtumba ni cha kulipia. Kama mtu wa programu nawashauri mjiulize: hiki kifaa kinategemea Japani, ama kinajitegemea? Ramani iliyo kwenye redio ni ya Tokyo na Osaka, haijui Kiambu. Menyu ni za Kijapani, na mara nyingi betri ikitolewa redio inajifunga inataka nambari ya siri. FM ya Japani inaanzia 76 na kuishia 95, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo utahitaji kifaa cha kuhamisha masafa ama ubadilishe redio nzima. Kifaa cha ETC cha kulipia barabara kitakukumbusha kwa sauti tamu ya Kijapani kwamba hujaweka kadi, lakini Nairobi Expressway hakikutambui. Hivyo vyote ni kama programu iliyoisha leseni. Usiongezee hata shilingi.

Ule mfumo wa kukuweka kwenye mstari wako nao uupime kwa barabara zetu. Thika Road unafanya kazi, maana mistari ipo. Mtaani kwetu hakuna mstari wa kushikilia. Na ile kamera ya breki imebandikwa nyuma ya kioo cha mbele; kioo kikipasuka, usiweke kingine na kuondoka tu, kamera lazima ipimwe upya. Uliza mapema ni fundi gani anaweza. Ukichukua haibridi, jua pia kwamba betri yake inapumua: kuna tundu la kuingiza hewa, mara nyingi karibu na kiti cha nyuma. Kwa vumbi letu chujio lake linataka kusafishwa mara kwa mara.

Kuhusu mashimo na matuta, nilichagua Fit ya aina ya Crosstar, ambayo imeinuliwa hadi sentimita 16 kutoka ardhini, wakati Fit ya kawaida ina 13 na nusu. Hiyo sentimita mbili na nusu ni ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye tuta la mtaani ndiyo inayoamua kama utasikia "krrr" chini ya gari. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma vinakunjika hadi sakafu, au unainua makalio yake na kusimamisha mzigo mrefu. Gunia la viazi limeingia. Baiskeli ya mtoto pia.

Je, nimepoteza kitu? Ndiyo. Matatu hunibana zaidi kuliko zamani. Mvua kubwa ikinyesha sijaribu barabara iliyofurika. Safari ya ushago Desemba, tukiwa watu saba, sasa ni ya kukodi gari ama kugawanyika. Lakini hiyo ni mara mbili kwa mwaka. Kununua gari la siku 360 kwa ajili ya siku tano ni kama kununua seva nzima ili uendeshe kikokotoo.

Kama unaishi mahali ambapo lami inaishia kilomita kumi kabla ya lango lako, ama kazi yako ni Samburu na Turkana, makala hii si yako; shikilia SUV yako, unaihitaji. Ninaongea na mwenzangu wa Rongai, Ruiru na Syokimau anayebeba viti vitano vitupu kila asubuhi. Ukiamua kushuka, shuka ukubwa peke yake. Omba karatasi ya mnada, soma gredi kamili ya gari na si jina lake tu, hesabu mifuko ya hewa, hakikisha breki ya dharura ipo na taa yake ya onyo haiwaki. Halafu wakikuuliza kama mambo yamekuwa magumu, waambie wahesabu mifuko ya hewa ya kwao kwanza.