Unaweza Kupata Digrii ya Hesabu Bila Kuthibitisha Kitu Hata Kimoja

Wasee, leo tupige hesabu kidogo. Msikimbie, ni kujumlisha na kutoa tu.

Vyuo vingi hapa Kenya, yuniti moja inapimwa kwa alama 100. CAT na asaimenti zinabeba 30, mtihani wa mwisho wa muhula unabeba 70. Ukifikisha 40 kwa jumla, umepita. Sasa kumbuka ile karatasi ya mtihani vile huwa. Swali la kwanza ni lazima, alama 30. Halafu unachagua mawili mengine, alama 20 kila moja. 30, 20, 20. Hiyo ndiyo 70 yako.

Chukua msee amepata 22 kwa 30 kwenye CAT. Hiyo si miujiza, maana kuna CAT za kwenda nazo hosteli, na darasa zima linarudisha majibu yanayofanana mpaka makosa ya herufi. Huyo msee sasa anahitaji alama 18 kwa 70 ndio apite. Hiyo ni kama asilimia 26. Na lile swali la kwanza peke yake lina 30, na mara nyingi limejaa "eleza maana ya", "taja theoremu ya", "kokotoa kikomo cha". Anaandika fasili nne alizokremu usiku, anamaliza hesabu mbili za kawaida, anarudisha karatasi, anaenda zake kula chapo madondo. Amepita uchanganuzi wa namba halisi, ile yuniti inaogopwa kushinda zote, bila kuandika uthibitisho hata mmoja wa kichwa chake.

Fanya hivyo mihula minane. Yuniti tano mpaka saba kila muhula, hizo ni 40 na kitu. Mwaka wa nne anavaa joho, mamake anapiga vigelegele, shangazi wametoka ushago na matatu ya kukodi. Karatasi inasema amehitimu kwa hesabu. Swali langu ni moja tu: amehitimu kufanya nini?

Kabla mseme nina wivu, tukubaliane kwanza hesabu ni nini, maana hapo ndipo wengi tulidanganywa tangu darasa la kwanza.

Shuleni tuliambiwa hesabu ni jibu. Chini ya jibu unachora mistari miwili, mwalimu anaweka tiki. Chuoni mchezo unabadilika. Jibu si kitu tena. Kitu ni: unajuaje? Mfano rahisi kabisa. Ukijumlisha namba witiri mbili, unapata namba shufwa. 3 na 5 ni 8. 7 na 11 ni 18. Unaweza kujaribu mifano elfu na yote ikubali, na bado hujathibitisha kitu, kwa sababu namba haziishi na labda ya elfu moja na moja itakukataa. Uthibitisho ni huu: namba witiri yoyote ni 2a + 1, ile nyingine ni 2b + 1. Zijumlishe, unapata 2a + 2b + 2, yaani 2(a + b + 1). Hiyo inagawanyika kwa 2, iwe a na b ni namba gani. Imeisha. Mistari miwili, na umefunga mdomo wa namba zote za dunia, hata zile hakuna mtu atawahi kuziandika.

Hiyo ndiyo hesabu. Euclid alifanya hivyo zaidi ya miaka 2000 iliyopita kuonyesha kwamba namba tasa haziishi. Alisema hivi kwa ufupi: nipe orodha yoyote ya namba tasa, nizizidishe zote pamoja, niongeze 1. Ukigawanya hiyo namba kwa tasa yoyote ya orodha yako, inabaki 1. Kwa hivyo lazima kuna namba tasa nyingine ambayo haikuwa kwenye orodha. Hakuna kompyuta hapo, hakuna maabara, hakuna pesa ya wafadhili. Kuna kufikiria tu.

Sasa, kama kazi ya mwanahisabati ni kuthibitisha, mbona unaweza kupewa cheti cha uanahisabati bila kuthibitisha? Hebu wazia shule ya udereva inakupa leseni kwa kukuuliza maana ya breki. Ungeingia kwa matatu ya huyo dereva? Mimi nitapanda boda.

Najua mtu ashaanza kuandika: "Lakini huyo atapata digrii ya 'pass' tu, hatapata 'first class'." Sawa, ngazi tunazijua. 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 mpaka 69 ni la pili la juu, 50 mpaka 59 ni la pili la chini, 40 mpaka 49 ni pasi. Lakini niambie, ni nini kinamtoa mtu 45 akafika 72? Kama maswali ya mwaka huu ni yale ya mwaka juzi yaliyobadilishwa namba, basi anayefika 72 anaweza kuwa ni yule aliyekremu uthibitisho kumi badala ya mmoja. Anauandika neno kwa neno kama wimbo wa taifa. Mwulize mstari wa tatu umetoka wapi, utaona macho yakitafuta dirisha. Ukipita kwenye saiba yoyote karibu na geti la chuo, kitu kinachouzwa haraka kushinda fotokopi ya kitambulisho ni bahasha ya mitihani ya miaka iliyopita. Biashara ya namna hiyo haishamiri mahali ambapo mtihani unapima kufikiria.

Na mnashangaa kwa nini mwakenya haiishi? Mwakenya ni ya kubeba vitu vya kukumbuka. Mtihani ukiuliza vitu vya kufikiria, hicho kikaratasi kwa soksi kitakusaidia na nini?

Sasa wengine watasema shida ni zile yuniti za lazima za kila mtu. Stadi za mawasiliano, HIV na UKIMWI, mambo ya maendeleo. Ati zinatupotezea muda wa hesabu. Mimi hapo sisimami na nyinyi. Kila chuo kina masharti yake ya pembeni. MIT kule Marekani, chuo ambacho kila mtu hutaja akitaka kuonekana ana akili, mwanafunzi wa digrii ya kwanza lazima apite jaribio la kuogelea au asomee kuogelea. Ndiyo, kuogelea, hata kama unasomea hesabu. Na wanahesabu wao hawajazama. Shida si yale yameongezwa pembeni. Shida ni lile limekosekana katikati.

"Wewe uliacha chuo, unatuambia nini?" Nilijua itakuja. Ndiyo, niliacha mwaka wa pili, nikisoma hesabu, karo ilipokuwa mlima. Chuo sitakitaja na pole zenu mzibaki nazo. Lakini hebu rudi pale juu. 22 kujumlisha 18 ni 40. Hiyo hesabu haibadiliki kwa sababu mwenye kuipiga hana joho. Hiyo ndiyo raha ya hili somo: haliulizi wewe ni nani, linauliza umeonyesha nini. Kama kuna mtu na PhD yake anaweza kuonyesha nimekosea mahali, aonyeshe mstari.

Tena nisieleweke vibaya, sirushii malekchara mawe. Najua kuna darasa la watu 300, nusu yao wamesimama, na lekchara mmoja na chaki moja. Ukimwambia asahihishe uthibitisho wa watu 300, kila mmoja ameandika njia yake, ni kumwambia asilale mpaka muhula ujao. Fasili inasahihishwa kwa sekunde tano. Uthibitisho unataka dakika kumi na subira. Na huyo huyo lekchara mwaka 2025 alikuwa kwenye mgomo uliodumu wiki saba, akidai pesa za makubaliano ya 2017 mpaka 2021. Mtu anadai mshahara wa miaka hiyo yote, kisha tunamwambia aache kuuliza "eleza maana ya"? Serikali haiwezi kumnyima mwalimu pesa halafu ishangae mtihani umekuwa mwepesi kusahihisha.

Kuna pia mambo ya nani anaingia. Ukipata C+ ya KCSE umefika mlango wa chuo, kisha KUCCPS inaangalia alama zako za klasta na nafasi zilizobaki. Kuna wengi wanajipata kwa hesabu kwa sababu walikosa uhandisi au akcharia kwa pointi chache. Hawakuichagua, waliangukia. Mtu wa hivyo hata hajaambiwa kwamba hesabu ya chuo si ile ya fomu four iliyonenepa. Anafika wiki ya kwanza anapatana na epsiloni na delta, hakuna mtu amemfundisha kuandika sentensi moja ya uthibitisho, na anafanya kile binadamu yeyote hufanya akitishwa: anakremu. Huyo simlaumu hata kidogo.

Lakini tusijidanganye kwamba hii ni shida ya komredi na chuo chake tu. Fuata mnyororo. Walimu wengi wa hesabu wa sekondari wamepitia yuniti hizi hizi, wengine kwa digrii ya ualimu, wengine kwa digrii ya sayansi wakaongeza diploma ya ualimu ndio TSC iwasajili. Aliyekremu chuoni atafundisha kukremu. Ataingia fomu three aseme "hii fomula shika hivyo hivyo, usiulize". Na yule mtoto aliyeuliza "kwa nini" ataambiwa anachelewesha darasa. Huyo mtoto ndiye alikuwa mwanahisabati. Na sasa Gredi ya 10 imeanza Januari 2026, na hesabu imebaki ya lazima kwa kila mwanafunzi, iwe ile nzito ya STEM au ile nyepesi ya wengine. Yaani tunahitaji walimu wanaojua "kwa nini" kuliko wakati wowote, na kiwanda kinatoa wanaojua "shika hivyo hivyo".

Kwa hivyo nataka nini? Si bajeti ya bilioni. Ni masharti manne, na mengi yanataka chaki tu.

Moja. Muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza, iwe lazima kuwa na yuniti ya kuthibitisha. Mantiki, seti, namba witiri na shufwa, vitu vidogo. Vikundi vya watu kumi na tano, wakiongozwa na wanafunzi wa masters, walipwe. Cambridge wanafunzi wawili hivi hukaa na msimamizi mmoja wakipitia kazi yao mstari kwa mstari. Sisi hatuna watu wa kutosha kufanya wawili. Kumi na tano tunaweza.

Mbili. Kwenye analisisi na aljebra dhahania, sehemu ya uthibitisho iwe na alama yake ya kupita. Ukianguka hapo, umeanguka yuniti, hata kama CAT yako ni 30 kwa 30.

Tatu. Hakuna joho bila ubao. Mwaka wa nne, kila mtu asimame mbele ya malekchara watatu, apewe kitu ambacho hakijawahi kuonekana kwenye bahasha ya saiba, afikirie kwa sauti. Hata asipomaliza, njia yake ionekane. Kule Texas, R. L. Moore alijulikana kwa kufundisha bila vitabu: anakupa theoremu, unaenda, unarudi kuithibitisha mbele ya wenzako. Darasa lake lilitoa wanahisabati wakubwa. Lakini Moore huyo huyo aliwafungia wanafunzi Weusi mlango wa darasa lake, kwa hivyo tuchukue mbinu, tabia tuiache hapo hapo.

Nne. Alama zikipotea, mzigo uwe wa chuo. Leo ukikosa alama ya CAT uliyoifanya mwaka wa pili, ni wewe unazunguka ofisi na fomu, unaambiwa rudi Alhamisi, na mahafali yanakupita. Somo zima linasema anayedai ndiye anayethibitisha. Chuo kikidai hukufanya mtihani, kithibitishe.

Mtaniambia tukifanya hivyo, wengi wataanguka. Mwaka wa kwanza, ndiyo, labda. Lakini leo wanaanguka pia, ila wanaangukia nje, wakiwa na cheti mkononi, kwenye intavyu ambapo mtu anawauliza "umejuaje?" na hawana la kusema. Heri uanguke mwaka wa kwanza mahali kuna ngazi ya kupandia tena.

Kwa wewe uko chuoni sasa hivi: wiki hii chukua theoremu moja uliyoikremu. Funga daftari. Mweleze rafiki yako ambaye hasomi hesabu kwa nini ni kweli, mpaka akubali. Ukiweza, umefanya sharti la digrii yako ambalo hakuna mtu aliliandika kwenye orodha. Usipoweza, mpelekee lekchara wako hilo swali. Na akikuambia halitokei kwa mtihani, mwulize mbona.