Kabla hujanunua AC, uliza nani atanunua tokeni

Mimi naishi Mogogosiek. Kama hupajui, ni huku Konoin, Kaunti ya Bomet, ambako ukisimama stejini unaona majani chai kila upande unaogeukia. Mwezi wa Julai hapa tunalala na blanketi mbili na soksi. Kwa hivyo najua unajiuliza: huyu na mambo ya AC wamejuana wapi?

Tulijuana Mombasa. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kozi ya umeme, karo ilipokwama. Mtu wa kwetu akaniunganisha na fundi wa viyoyozi, na kwa miezi 14 nikawa yule kijana wa kubeba ngazi, kutoboa ukuta na kushika bomba la shaba jua likinichoma kisogo. Nakuambia haya mapema ili ujue kwamba kosa ninalotaka kukusimulia si la mtu asiyejua kitu. Ni la mtu aliyejua nusu.

Dadangu mkubwa anaishi Mombasa, nyumba ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya mwisho, juu yake hakuna kitu ila saruji na jua. Alipojifungua, mtoto akapata harara mwili mzima. Februari na Machi kule unajua zilivyo, hata usiku wa manane ukuta bado una joto. Mtoto halali, mama halali, na asubuhi mama anatakiwa kazini.

Mama yetu huku nyumbani alikuwa ameweka bonasi yake ya chai. Kwa wasioelewa, mkulima mdogo wa chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa kila kilo aliyopeleka, halafu mara moja kwa mwaka ndipo bonasi inakuja. Hiyo ndiyo pesa ya karo, ya mabati, ya deni la Sacco. Mama akatoa elfu 60 akasema mjukuu wake hawezi kuchemka kama ugali. Kisha akanigeukia mimi: "Wewe ndiye fundi. Mwambie dada yako anunue gani."

Dukani kulikuwa na mbili. Zote za vipande viwili, kimoja cha ukutani ndani na kingine cha nje. Zote za BTU 12,000. Zote nyeupe, zote na rimoti. Moja ilikuwa ya kawaida, elfu 45. Nyingine ilikuwa inverta, elfu 65.

Nikamwambia achukue ya kawaida. Pesa inatosha, inabaki ya kufunga na ya neti ya mtoto, na ikiharibika fundi yeyote wa mtaa ataitengeneza. Nilijiona mjanja sana.

Mwezi wa kwanza dadangu aliyezoea tokeni za shilingi elfu moja alinunua za zaidi ya elfu saba. Mwezi wa pili akaanza kuiwasha usiku mmoja, kuizima miwili. Mwezi wa tatu akaifunika na leso. Mama aliposikia hesabu hiyo akasema: "Hiyo mashine inakula kuliko ng'ombe, na haina maziwa."

Sasa acha nikueleze nilichopaswa kumwambia dadangu siku ile.

Tofauti ya hizi mbili iko kwenye kompresa, ule moyo ulio kwenye boksi la nje. Fikiria dereva wawili wa Probox kutoka hapa kwenda Litein. Wa kwanza anajua mambo mawili tu, kukanyaga mafuta mpaka mwisho au kusimama. Anakimbia, anafunga breki, anaondoka tena kwa nguvu. Wa pili akishashika mwendo anautuliza, anaachilia mguu kidogo hapa, anaongeza kidogo pale. Wote watafika Litein. Tofauti utaiona kwenye mafuta.

AC ya kawaida ndiye yule dereva wa kwanza. Kompresa yake inazunguka kwa kasi moja tu. Chumba kikipoa inazima, joto likirudi inawaka tena kwa kishindo, na ndiyo maana taa za nyumba nyingine huyumba kidogo inapowaka. Inverta inabadilisha kasi. Mwanzo inasukuma kwa nguvu, chumba kikishapoa inashuka na kubaki inazunguka polepole. Si teknolojia ya jana, Wajapani wamekuwa nayo majumbani tangu miaka ya 1980.

Tuingie kwenye hesabu, na usiruke hapa, maana ndipo pesa ilipo. Tuseme unaiwasha masaa 8 kila usiku. Ya kawaida ya BTU 12,000 huvuta kama wati 1,200 kompresa ikiwa inafanya kazi. Tuseme kwa joto la Mombasa kompresa inafanya kazi asilimia 70 ya muda huo. Hizo ni yuniti 6.7 kwa usiku. Inverta nzuri ya ukubwa huo huo, chumba kikishatulia, tuipe wastani wa wati 550. Hizo ni yuniti 4.4. Tukiweka yuniti moja shilingi 30 pamoja na kodi na makato yote, ya kawaida inakula shilingi 201 kwa usiku na inverta 132. Kwa siku 30 ni 6,030 dhidi ya 3,960.

Tofauti ni shilingi 2,070 kwa mwezi. Zile elfu 20 nilizomwokolea dadangu dukani zingerudi ndani ya miezi 10 ya matumizi. Sasa chukua miaka mitano, na tuseme anaitumia miezi 8 tu kwa mwaka kwa sababu Juni hadi Septemba Mombasa hupoa kidogo. Ya kawaida, pamoja na bei yake, itakuwa imemeza shilingi 286,200. Inverta 223,400. Tofauti ni 62,800. Yaani "ushauri" wangu una thamani ya bonasi nzima ya mama, na chenji juu.

Kuna kitu kingine ambacho muuzaji hakwambii. Kenya Power hupanga wateja wa nyumbani kwa madaraja kulingana na wastani wa matumizi yao. Kuna walio chini ya yuniti 30 kwa mwezi, walio kati ya hapo na 100, na waliovuka 100. Ukivuka 100, yuniti zako zinapanda bei, zikiwemo za taa, pasi na kuchaji simu. AC yoyote ya kulala nayo kila usiku, hata inverta, itakuvusha huo mstari. Dadangu alikuwa mtu wa yuniti 40 hivi. Hakununua mashine tu, alihama daraja bila kujua.

Sasa, kwa nini mimi niliyebeba ngazi miezi 14 nilisema vile? Kwa sababu nilifikiri kama fundi. Fundi anapenda mashine rahisi. Ya kawaida ikifa, mara nyingi ni kapasita ya bei ndogo, unabadilisha kabla chai haijapoa. Inverta ikifa, mara nyingi ni bodi, na bodi ni ghali, wakati mwingine unaisubiri wiki kadhaa. Kwa hivyo fundi akikwambia "chukua hii, haisumbui", anasema kweli. Haimsumbui yeye. Lakini si yeye anayenunua tokeni.

Huku kwetu hili tungepaswa kulijua kuliko watu wote. Kiwandani, majani hayasagwi yakiwa mabichi. Kwanza hunyaushwa, yanatandazwa na feni kubwa zinayapulizia hewa kwa masaa mengi. Baadaye kuna boila za kuni za kuyakausha. Umeme na kuni hizo hulipiwa kwanza, mkulima anapata kilichobaki. Kila mzee wa Mogogosiek anajua kwamba gharama ya kuendesha mashine ndiyo inayotafuna bonasi. Mimi mtoto wa mkulima nikasahau hesabu ya nyumbani mara tu niliposhika bisibisi.

Hata hivyo, sitaki utoke hapa ukimbilie inverta kama mtu aliyeshindiwa na hubiri. Kuna watu ambao ningewaambia wachukue ya kawaida hata leo. Kama ni chumba cha wageni kinachofunguliwa Krismasi na Pasaka, zile elfu 20 hazitarudi maishani mwako. Kama stima ya mtaa wenu inapanda na kushuka kila jioni, bodi ya inverta itateseka. Nunua na kifaa cha kulinda volti, na gharama yake uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Kama unaishi karibu kabisa na bahari, chumvi itakula boksi la nje la mashine yoyote, kwa hivyo uliza kama mapezi yake yamepakwa dawa ya kuzuia kutu.

Na ukienda dukani, acha kuangalia rangi na sauti ya rimoti. Angalia vitu vitatu.

Kwanza, kibandiko cha nyota. Tangu kanuni za mwaka 2016, viyoyozi vya aina hii vinavyouzwa Kenya vinatakiwa kuwa na kibandiko cha mamlaka ya kawi, EPRA, chenye nyota moja hadi tano. Nyota nyingi, umeme kidogo. Neno "inverta" limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye mashine nyingine ambazo nyota zake ni za kuhurumiwa. Amini nyota kuliko herufi.

Pili, gesi. Ukiona R22, weka chini uondoke. Ni gesi inayoharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal nchi kama yetu zinatakiwa kuachana nayo kufikia 2030, kwa hivyo kuipata kutazidi kuwa kazi. Ukichagua kati ya R410A na R32, mimi ningechukua R32. Ikivuja, kilo moja ya R410A hupasha dunia joto mara 2,088 kuliko kilo ya kaboni dioksidi. R32 ni mara 675. Bado ni nyingi, lakini si sawa. Ila R32 inaweza kushika moto kwa kiasi fulani, kwa hivyo isifungwe na mtu wa kubahatisha. Usiniambie hayo ni mambo ya wazungu. Mama yangu anategemea mvua. Mvua ikikosa, majani hayachipui, na bila majani hakuna bonasi ya kumnunulia mtu AC.

Tatu, kufunga. Nimeona mashine nzuri ikiuawa siku ya kwanza. Kabla gesi haijafunguliwa, mabomba yanatakiwa kunyonywa hewa na unyevu kwa pampu. Mafundi wenye haraka huruka hapo, wanafungua gesi kidogo "kusukuma hewa nje", wanakunja waya na kwenda. Mimi mwenyewe nimeshika bomba likifanywa hivyo. Mwulize fundi mapema: pampu unayo? Kama hana, mlipe nauli aende.

Lakini swali ambalo dadangu alihitaji kuulizwa kabla ya yote haya ni moja: unahitaji AC kweli? Feni ya wati 60 kwa masaa 8 inakula nusu yuniti, kama shilingi 15 kwa usiku. Dirisha lake la chumbani linatazama magharibi, jua la jioni linaingia lote. Pazia zito na feni havingemfanya mtoto ahisi yuko Mogogosiek, lakini pengine angelala. Hatukujaribu. Tulirukia mashine kwa sababu mashine inaonekana kama mapenzi zaidi.

Na kama umeshafanya hesabu na bado unaihitaji, chukua, huna dhambi. Joto la Pwani si la kudekea, kuna wazee, wagonjwa na watoto wachanga wanaoumia kweli. Iweke nyuzi 25 au 26, si 16. Funga mlango. Osha chujio kila wiki mbili.

Juzi mama ameniuliza kama bonasi ijayo amtumie dadangu pesa ya mashine nyingine. Nimemwambia hapana, ile hela akae nayo. Pazia nimeshalinunua mimi, na feni inafuata mwisho wa mwezi. Ile AC tutaiuza kwa mtu atakayeiwasha mara mbili kwa mwaka, na nitamwambia ukweli wote kabla hajatoa pesa.

Dadangu hajawahi kunilaumu. Hilo ndilo linaloniuma. Akipiga simu huuliza tu habari za mama na mvua, na nyuma yake nasikia mtoto akilia kwa joto.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii ukiwa dukani Mombasa, Malindi, Kisumu au Garissa, simu mkononi, muuzaji akikuharakisha, mwambie angoje. Piga hesabu ya usiku mmoja. Zidisha kwa 30. Halafu uangalie kama huyo anayekushauri ndiye atakayenunua tokeni.