Askari Arudi Shuleni, Lakini kwa Kazi Gani?

Juni 2020, wiki chache baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, bodi ya shule za umma za Denver, Marekani, ilipiga kura kwa kauli moja kuwaondoa askari polisi shuleni. Miaka mitatu haikutimia. Machi 2023, mwanafunzi wa East High School aliwapiga risasi na kuwajeruhi watumishi wawili wa shule waliokuwa wakimpekua. Upekuzi huo alitakiwa kufanyiwa kila siku. Juni mwaka huo bodi ikawarudisha askari, kwa kura 4 dhidi ya 3.

Wengi walisema tukio hilo lilimaliza ubishi. Mimi linanisumbua kwa sababu nyingine: nani aliamua kwamba kumsaka kijana bastola mwilini ni kazi ya mtumishi wa shule? Hapo ndipo askari alipohitajika.

Tatizo ni kwamba akishaingia getini, habaki hapo. Atapigiwa simu kwa mtoto aliyemjibu mwalimu vibaya, kwa wawili waliosukumana kantini, na kosa lililostahili karipio likaishia kwenye pingu. Utafiti wa Lucy Sorensen na wenzake kuhusu shule za Marekani ulionyesha kwamba askari hupunguza baadhi ya vurugu, kama mapigano, ila si matukio ya bunduki. Wakati huohuo, wanaosimamishwa masomo na kukamatwa huongezeka, zaidi wanafunzi Weusi.

Na bunduki ndiyo sababu inayotajwa kila askari anapoombwa! Katika shambulio la shule ya Parkland, Florida, mwaka 2018, askari wa shule alibaki nje huku watu 17 wakiuawa. Katika shambulio la shule ya Uvalde, Texas, mwaka 2022, wilaya ya shule ilikuwa na polisi wake yenyewe. Hata hivyo askari walisubiri zaidi ya saa nzima kabla ya kumkabili muuaji. Wanafunzi 19 na walimu wawili walikufa.

Njia ya kati ipo: Kenya huweka polisi kwenye vituo vya mitihani ya kitaifa, lakini kazi yao ina mipaka: ulinzi wa karatasi na wa kituo. Mtihani ukiisha, wanaondoka. Mkataba wa shule na polisi uwe na mipaka kama hiyo: silaha na vitisho vya kuua viwe vya askari, utoro, matusi na kusukumana viwe vya walimu na washauri nasaha, na mwalimu mkuu atakayemwita askari kwa utovu wa nidhamu ajieleze mbele ya bodi.