Moyo wa Mtoto Hauna Mlango Mmoja

Tangu muhula huu uanze, wazazi watatu wameniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: kwa nini darasa la wakubwa linatumia robo saa kila Jumamosi kujifunza maneno ya hisia, badala ya ngeli na insha? Mmoja wao alisema wazi, "Mwalimu, saikolojia ni mambo ya wazungu. Sisi tumewaleta watoto wajue Kiswahili." Ni swali la haki. Nalijibu hapa ili wazazi wote wasome, na watoto nao wasome, maana wao ndio wanaozungumziwa.

Mimi ni muuguzi, si mwanasaikolojia. Lakini miaka ya wodini imenifundisha kwamba maumivu yasiyo na jina huchelewa kutibiwa. Kwa hiyo nasema: mzazi yule amepatia nusu, na nusu amekosea.

Nianze na alipokosea. Saikolojia si mwalimu mmoja mwenye neno moja. Ni kama baraza la wazee wanaobishana miaka zaidi ya mia, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Na wahenga wetu vipande hivyo walikuwa navyo.

Mzee wa kwanza ni Sigmund Freud wa Vienna. Alisema mengi yanayotusukuma yamefichika hata kwetu wenyewe, na mizizi yake iko utotoni. Sisi tunasema moyo wa mtu ni msitu wa giza. Fikra hizo zilifika Johannesburg mapema. Mwaka 1937 daktari Wulf Sachs, mzaliwa wa Lithuania aliyehamia hapa, alitoa kitabu kiitwacho Black Hamlet. Kilihusu mganga kutoka Zimbabwe ya leo, aliyemwita John Chavafambira, ambaye Sachs alikaa naye muda mrefu akisikiliza maisha yake. Kitabu kina kasoro za zama zake, lakini kilimkubali mgeni mweusi wa mjini kuwa mtu mwenye undani kama mtu mwingine yeyote, na wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Mzee wa pili anaangalia tabia. Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupata chakula baada ya ishara fulani hudondokwa na mate aisikiapo ishara ile tu. Sisi tunasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aliyeuliza jinsi ya kumwondolea mtu mshtuko huo ni mtoto wa mji huu: Joseph Wolpe, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915 na kusoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Alichukua paka waliokuwa wametiwa hofu ya kizimba kwa umeme, akawalisha mbali na kizimba, kisha karibu kidogo, kisha karibu zaidi, mpaka wakala ndani yake bila woga. Kutokana na hayo alitengeneza tiba ya watu wenye hofu, hatua kwa hatua, mwili ukiwa umetulizwa. Kitabu chake cha mwaka 1958 kilisomwa duniani kote.

Mzee wa tatu anaangalia fikra. Katika miaka ya 1960, Aaron Beck wa Philadelphia aliona kwamba kinachotuumiza si tukio peke yake, bali pia maana tunayolipa. Watoto wawili wamepata 40 kwa 100. Mmoja anasema, "Sikusoma vizuri." Mwingine anasema, "Mimi ni mjinga." Alama ni moja, lakini wa pili ndiye atakayekosa usingizi.

Mzee wa nne ni mwanamke. Mary Ainsworth alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955, akatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia watoto wachanga na mama zao. Aliona mtoto mwenye uhakika na mama yake akitambaa kwenda kuchungulia dunia, kisha akirudi kumgusa, kisha akienda tena. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967. Leo mafunzo ya malezi ulimwenguni yanazungumzia mambo ambayo Ainsworth aliyaona kwanza kwa mama wa Kiganda. Hapo nauliza: hayo ni mambo ya wazungu, au ni mambo yetu yaliyoandikwa na mgeni?

Sasa nije pale mzazi alipopatia. Elimu hii imewahi kutumiwa kututukana. J. C. Carothers, daktari Mwingereza aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, akilinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliandika kuhusu Mau Mau kwa ajili ya serikali ya kikoloni, na madai ya ardhi akayageuza kuwa ugonjwa wa nafsi. Anayeshuku ana sababu.

Lakini jibu halikuwa kuikimbia elimu. N. Chabani Manganyi, mzaliwa wa Limpopo aliyewahi kufanya kazi Baragwanath kule Soweto, alitoa mwaka 1973 kitabu kiitwacho Being-Black-in-the-World. Alionyesha kwamba huwezi kuelewa maumivu ya mtu mweusi bila kuangalia dunia ambamo ubaguzi umemweka. Aliingia barazani, akakaa kwenye kiti chake, akasema lililokuwa halijasemwa.

Na sisi tufanye vivyo hivyo nyumbani. Tuchukue mtoto yeyote wa miaka kumi na moja anayekataa kwenda shule. Katika nyumba zetu nyingi methali inayotoka kwanza ni samaki mkunje angali mbichi. Tunakemea, tunapokonya simu, tumemaliza. Lakini mzee wa kwanza angeuliza: kuna jambo gani la zamani ambalo hajalisema? Wa pili: ameumwa na nyoka gani njiani au darasani? Wa tatu: anajiambia nini kuhusu nafsi yake? Wa nne: akirudi nyumbani, yuko mtu wa kurudia, au sote tuko zamu ya usiku? Na Manganyi angeuliza: kuna mtu amemwita kwerekwere? Sisi tulioishi hapa Mei 2008, fujo zilipoanzia Alexandra, tunajua neno hilo lina uzito gani, na watoto waliozaliwa baadaye hurithi hofu yetu hata kama hatujawasimulia.

Simpingi mwenye methali ya samaki. Mtoto anahitaji nidhamu. Ninachopinga ni kushika methali moja kama dawa moja kwa kila homa. Arnold Lazarus, naye mzaliwa wa Johannesburg na mwanafunzi wa Wolpe, alianza katika tiba ya tabia, kisha akasema haitoshi peke yake. Alitaka mgonjwa aulizwe mambo saba, yakiwemo anayotenda, anayohisi, anayofikiri, watu anaoishi nao na afya ya mwili wake. Ikiwa bingwa aliona mlango mmoja hautoshi, mimi na wewe ni nani?

Lakini maswali hayo yote yanahitaji lugha, na hapa ndipo shule yetu inapoingia. Watoto wetu wengi wana neno moja la Kiswahili kwa kila uchungu: "niko sawa tu." Kiswahili hakina umaskini huo. Kuna dukuduku, lile jambo linalokukereketa moyoni na hujapata wa kumwambia. Kuna kinyongo, hasira iliyolala bila kufa. Kuna kihoro cha kufiwa, jakamoyo la kusubiri habari, na ukiwa wa nyumba iliyobaki tupu. Mtoto anayeyajua maneno haya anaweza kumwambia bibi yake wa Tanga, Mombasa au Bukavu kwa simu kilicho moyoni mwake. Asiyeyajua atamsalimia, atakata simu, na dukuduku litabaki.

Hata kazini naona. Mama anasema "nina mawazo", mtoto anamtafsiria muuguzi kwamba mama anafikiri, na muuguzi anaandika kuwa hana tatizo. Jirani zetu wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alilichukua kwa uzito. Tangu mwaka 2006, Harare, mabibi waliofunzwa hukaa kwenye mabenchi ya kliniki na kuwasikiliza watu kwa lugha yao. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Lakini tusidanganyane: methali si tiba. Mtoto asiyelala wala kula kwa wiki mbili, aliyejitenga na rafiki zake, au anayezungumzia kufa, apelekwe kliniki, na mtu mzima afuatane naye asimwache akatafsiri peke yake. Watoto, nanyi mjue: Childline ipo kwa namba 116, bila malipo.

Kwa hiyo naomba robo saa ile ibaki. Ngeli hazitakimbia, dukuduku liko katika ngeli ya LI-YA, na tutalifanyia zoezi la sarufi vilevile. Jumamosi ijayo kila mwanafunzi aje na neno moja la hisia alilopewa na mtu mzima wa nyumbani, pamoja na habari ya siku mtu huyo alipolihisi. Wazazi, msiwape neno bila habari. Habari ndiyo watakayoikumbuka.