Waya mmoja, vyumba sita!

Mwenzenu huku Makanyagio, Mpanda, bado nahema. Wiki hii siandiki nani kamkimbia nani, naandika habari za waya. Msicheke! Ukishapanga nyumba moja na watu wa vyumba sita, utajua kwamba waya unavunja ujirani kuliko hata umbeya.

Nyumba zetu mnazijua. Korido katikati, vyumba kulia na kushoto, choo uani, na LUKU moja ya watu wote. Kila wiki kesi. Huyu ana friji, yule anapiga pasi kila asubuhi kama waziri, mwingine ana taa moja tu halafu anachangishwa sawa na mwenye sabufa. Na Mpanda hii kwa miaka mingi ilikula umeme wa jenereta za dizeli, nje kabisa ya gridi ya taifa, kwa hiyo kugombania umeme sisi hatukuanza leo. Niliposema navuta intaneti ya waya, nilijua kesi ya pili inakuja.

Lakini tungefanyaje? Tulikaa uani tukapiga hesabu ya bando za kila chumba kwa mwezi. Kha! Jumla ilipita malipo ya laini moja ya waya, na bado watu walikuwa wanalala bila bando tarehe za kuchacha. Tukakubaliana tuvute laini moja, kila chumba kichange.

Fundi akaja, akafunga kiboksi chumbani kwangu, akaondoka zake. Hapo ndipo wengi wanapokwama, wanadhani kila kompyuta inataka laini yake. Hapana bwana. Fikiria shule yenye sanduku la posta moja. Barua zote zinafika S.L.P. ileile, halafu karani anazigawa: hii ya fulani, hii ya fulani. Ruta ndiye karani. Kwa nje nyumba nzima ina anwani moja, kwa ndani ruta anagawia kila kompyuta namba yake, mara nyingi inayoanza na 192.168. Namba hizo za ndani zilitengwa rasmi mwaka 1996, na nyumba yoyote duniani inaruhusiwa kuzitumia bila kumwomba mtu, kwa sababu anwani za kawaida za intaneti zilikuwa kama bilioni 4.3 tu na wajuzi walishaona zitakwisha.

Vyumba vya karibu walipata waifai bila taabu. Mwalimu wa chumba cha mwisho ndiye aliyelia. Kuta za tofali za kuchoma zinameza mawimbi ile mbaya, hasa yale ya gigahezi 5. Ya 2.4 yanapenya zaidi, lakini hata hayo yalimfikia mwalimu yakiwa hoi. Dawa ikawa kupitisha waya juu ya dari, mita kama 25, hadi kwenye swichi ya matundu matano mwisho wa korido. Waya huo unakubali mpaka mita 100, kwa hiyo roho yangu ilikuwa kwatu.

Kwanza ruhusa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatoboa nini?"

"Tundu dogo tu mama, la kidole."

"Aliyekutangulia naye alisema la kidole. Panya wakahamia."

Nikaahidi kuziba kwa simenti, na kweli nimeziba.

Sasa sikieni ujinga wangu. Ndani ya waya mna nyuzi 8, zimesokotwa mbili mbili: chungwa, kijani, bluu, kahawia, kila moja na mwenzake mweupe mwenye mstari. Mimi nikazipanga kwa mapenzi, kila mtu na mwenzake, kuanzia chungwa mpaka kahawia, ncha zote mbili sawasawa. Nikabana na koleo. Kile kipimio chenye taa kikawaka zote nane. Nikajiona injinia! Mwalimu akafungua kompyuta: inashika, inaachia, inashika, inaachia. Siku tatu nilimlaumu panya.

Kumbe nafasi ya 3 na ya 6 zinafanya kazi pamoja, kwa hiyo lazima ziwe za jozi moja iliyosokotwa. Ule msokoto ndio unaozuia nyuzi kupigiana kelele. Mimi nilikuwa nimeozesha kijani-nyeupe kwa bluu! Kwenye waya mfupi unaweza usione kitu, kwenye mrefu unaumbuka. Na kipimio kile hakiwezi kukwambia, chenyewe kinajua tu kwamba uzi umefika. Mpangilio wenyewe ni huu, chukua kalamu: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Nikakata vichwa, nikarudia, mwalimu akatulia.

Basi tukaishi kwa amani mpaka ile siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa chuo.

Chumba cha tatu kuna nesi, anaishi na mdogo wake aliyemaliza kidato cha sita. Binti ana akili, lakini kwao hakuna wa kumlipia ada. Bila mkopo ni kurudi kijijini. Alihangaika wiki nzima na vyeti, mpaka vya kuhakikiwa RITA, na usiku ule vyote vilikuwa tayari. Kabaki kupakia na kutuma tu. Saa sita usiku dirisha linafungwa.

Saa mbili na nusu mlango wangu unagongwa. "Kaka, mtandao hamna." Nikaangalia kompyuta yangu, unapepea vizuri. Kwake hamna. Kwa mwalimu hamna. Chumba cha pili upo! Nikazima ruta nikawasha, sasa hata kwangu umekufa. Nesi kasimama korido, mikono kiunoni, hasemi neno. Afadhali angetukana.

Saa tatu na robo ndipo nilipopata akili ya kutazama namba aliyopewa binti. Ruta yetu inagawa zinazoanza 192.168.1. Ya kwake ilianza 192.168.0. Weee! Kuna karani wa pili ndani ya nyumba!

Nikafuata nyaya. Kijana wa bodaboda wa chumba cha nne alinunua ruta ya mtumba jioni ile, akaichomeka kwenye swichi ya korido ili apate waifai ya nguvu kitandani. Nayo bila kuulizwa ikaanza kugawa namba, ikiwaambia watu "njia ya kutokea nje ni hapa kwangu", wakati yenyewe haina njia. Kompyuta ikiomba namba inamsikiliza karani anayewahi kujibu. Ndiyo maana wengine walikuwa hewani na wengine gizani.

Nikachomoa. Lakini kompyuta ikishapewa namba inaikumbatia, kwa hiyo tukazima na kuwasha ya binti. Akaingia. Saa nne na dakika kumi fomu ikaenda. Binti alilia, nesi naye akalia, mimi nikajifanya nakagua waya.

Nesi alimvaa yule kijana kweli kweli, na mimi niliona haya, maana kosa lilikuwa langu. Niliacha matundu wazi kwenye swichi na sikumwambia mtu chochote. Kesho yake nikairekebisha ruta yake: nikaizima kugawa namba, nikaipa namba yake isiyogongana na ya kwetu, nikairudisha kwenye swichi. Sasa inatoa waifai tu, karani ni mmoja.

Halafu jirani wa nyumba ya pili kaomba tumrushie waya juu ya ua, atalipa. Nimekataa. Huku Katavi mvua za Novemba mpaka Aprili zinakuja na radi za kutosha, na waya wa shaba unaoning'inia kati ya nyumba mbili ni mwaliko. Utaunguza vyombo vya pande zote. Pili, sisi tunachangia laini yetu ndani. Ukianza kuuzia mtaa, hiyo ni biashara, na TCRA wana habari za leseni.

Kuhusu michango, bado vita. Bodaboda anasema yeye hana kompyuta, alipe nusu. Mwalimu anasema bodaboda anatazama mpira usiku kucha. Ukweli nimeuona kwenye ruta na sijausema: anayekula zaidi ni mwalimu, kompyuta yake inajipakulia masasisho kila siku.

Juzi mama mwenye nyumba kaja kuchukua kodi. Kakaa uani, katoa simu mpya, kanipa. "Niwekee hiyo paswedi yenu." Nimemwekea. Wapangaji sasa wananiuliza: naye tumchangishe? Nani atamwambia?