Hakuna Azaliwaye na Sugu

Huenda umewahi kumwita mwanao "mtundu sugu", yaani hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Je, neno hilo lilitoka wapi?

Hebu kitazame kiganja cha mkulima. Pale mpini wa jembe unaposugua kila siku, ngozi hukakamaa. Hiyo ndiyo sugu, nduguye kitenzi "sugua". Wapo walio nayo hata kwenye paji la uso kwa wingi wa kusujudu.

Basi hakuna azaliwaye na sugu. Huletwa na msuguo. Na msuguo ukikoma, ngozi hulainika polepole.

Kwa hivyo mzazi, kabla ya kusema mwanao ni sugu, jiulize: ni nani anayemsugua kwa fimbo na matusi kila uchao?