Mwenye mashine aanze na daftari la umeme

MSIMU wa mavuno unapofika Nyegina na vijiji jirani vya Musoma Vijijini, mashine za kusaga huunguruma tangu asubuhi. Kinamama hupanga foleni na ndoo za mahindi, mtama na udaga. Wenye mashine nao huwa na wimbo mmoja: umeme umekula faida yote. Dawa wanayoijua wengi ni kupandisha bei ya kusaga. Mzigo wote unamwangukia mkulima, ambaye hana pa kuupeleka.

Tunasema dawa hiyo si sahihi, angalau siyo ya kwanza. Kabla mwenye mashine hajagusa bei, ajiulize swali moja: uniti moja ya umeme inanisagia debe ngapi? Walio wengi hawawezi kujibu. Wanajua fedha walizonunulia Luku, lakini hawajui fedha hizo zilifanya kazi gani.

Tuangalie mfano. Mota ya nguvu farasi 20 ni karibu kilowati 15. Ikizunguka bila nafaka ndani bado inakula umeme. Tuchukulie inakula kilowati 4, nayo huachwa ikizunguka bure saa tatu kwa siku huku mteja mmoja mmoja akisubiriwa. Hizo ni uniti 12. Kwa bei ya Sh292 kwa uniti, iliyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 kwa wateja wa kundi la T1, bila kodi na tozo, ni Sh3,504 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh91,104 kila mwezi, na hakuna hata kibaba kimoja cha unga kilichotoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni kubwa duniani zimelipa jambo hili jina la mfumo wa usimamizi wa nishati, na tangu mwaka 2011 lina kiwango chake cha kimataifa, ISO 50001. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2012 zilivitaka viwanda na majengo yanayotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Ukiondoa majina makubwa, kiini chake ni hatua nne: pima, panga, rekebisha, kisha pima tena. Hatua hizo hazihitaji kompyuta. Zinahitaji daftari, kalamu na mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo.

Kila asubuhi na jioni asome mita ya Luku na kuandika. Pembeni aandike debe zilizosagwa. Wiki ya kwanza uniti 200 zikisaga debe 200, na wiki ya tatu debe zilezile zikala uniti 250, kuna kasoro. Uniti 50 hizo ni Sh14,600 kwa wiki moja. Hapo ndipo fundi aitwe, siyo siku mota itakapoungua. Mara nyingi kosa ni dogo: nyundo zimelika, mkanda umelegea, beringi zimekosa grisi, au chekeche limeziba kwa udaga usiokauka vizuri. Na zile saa za kuzunguka bure hupungua kwa kutangaza saa maalumu za kusaga, ili wateja wakusanyike.

Wafanyabiashara wa samaki nao wamo. Mpira wa mlango wa jokofu ukichanika, baridi inatoka mchana na usiku. Kwa wakubwa zaidi, wanaopita uniti 7,500 kwa mwezi, hesabu ni kali zaidi. Hao huingia kundi la T2, na pamoja na uniti hulipia kilele cha mahitaji yao. Kwa bei hizo za 2016 ni Sh15,004 kwa kila KVA moja. Anayewasha majokofu yote na mashine ya barafu kwa pamoja hupandisha kilele hicho. Akipanga zamu na kushusha KVA 20, anaokoa zaidi ya Sh300,000 kwa mwezi.

Wapo watakaosema kosa ni la umeme wenyewe, kwamba ni hafifu na unakatika. Hoja hiyo ina uzito. Umeme hafifu huunguza mota, na mgawo wa miaka ya 2006 na 2011 haujasahaulika. TANESCO ina wajibu wa kurekebisha njia zake vijijini. Lakini mwenye daftari ndiye atakayekwenda kulalamika akiwa na ushahidi wa siku na saa. Wengine wanaitazama Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Umeme mwingi ni neema, ila hakuna bwawa litakalomlipia mtu uniti anazozimwaga mwenyewe.

Tunashauri mambo mawili. Kwanza, SIDO, benki na halmashauri zinapotoa mkopo wa mashine ziulize daftari la umeme kama zinavyouliza dhamana. Kikundi kisichojua mashine yake ya kwanza inakula nini hakistahili kukopeshwa ya pili. Pili, VETA iwafundishe waendesha mashine, na siyo mafundi pekee, kusoma mita na kutambua mota inayoelemewa.

Kwa mwenye mashine wa Nyegina, hatua ya kwanza haingoji serikali. Anunue daftari kesho, aandike kwa mwezi mmoja, ndipo azungumze bei na wateja wake. Huenda akagundua kwamba fedha anazotaka kumwongezea mama mwenye ndoo ya udaga zimo ndani ya mashine yake mwenyewe.